Hedifoni kwanza, amplifaya baadaye

Kama unapenda muziki wa roki na mfuko hauruhusu vyote viwili, weka karibu pesa yote kwenye hedifoni. Kabla hujalipa, tazama namba ya omu kwenye boksi, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme: ikiwa kubwa, hedifoni kwa kawaida huhitaji nguvu zaidi. Grado SR80e, zilizotengenezwa Brooklyn, New York, ni omu 32: simu au laptopu inaziendesha bila shida, na magitaa yanatoka na makali yake, kama vile umesimama mbele ya jukwaa. Ila ziko wazi nyuma, abiria mwenzako kwenye basi atasikia kila kitu, kwa hiyo ni za chumbani. Sennheiser HD 600 ni omu 300; hapo ndipo amplifaya ina kazi. Beyerdynamic DT 770 Pro zipo za omu 80 na za 250, umbo ni lile lile, basi soma vizuri.

Dukani usizijaribu kwa wimbo laini. Weka wenye magitaa mawili yanayonguruma na matoazi mfululizo, usikilize dakika kumi nzima. Matoazi yakikuchoma masikio, ziache, hata kama besi imekupendeza. Amplifaya haitaondoa hilo. Itaongeza sauti tu.