Somo: Kutazama mionzi ya gama inavyoigusa mbegu ya mpunga

Assalamu alaykum. Mpunga wa Supa BC tunaoulima hapa Zanzibar ulipatikana kwa kuzipiga mbegu za Supa mionzi ya gama. Leo tuangalie dozi ya mionzi hiyo, ndogo au kubwa, inafanya nini ndani ya seli, na namna ya kuiona kwa macho.

Hatua ya 1. Chukua mbegu safi za Supa, uzikaushe zote sawasawa, unyevu uwe kama asilimia 12 hadi 14. Hapa msiharakishe. Gama ikiyapata maji ya seli huyavunja, yakatoka radikali huru, yaani chembe kali zenye kushambulia, zinazokata nyuzi za DNA, ile inayobeba urithi wa mmea. Fungu moja likiwa bichi kuliko jingine, utapima unyevu ukidhani unapima mionzi.

Hatua ya 2. Gawa mafungu. Moja lisiguswe kabisa. Mengine yapelekwe maabara yenye kobalti-60, madini yanayotoa gama, yapigwe grei (kipimo cha mionzi inayofyonzwa) 10, 50, 100, 200 na 300.

Hatua ya 3. Yapande yote siku moja, udongo mmoja, maji mamoja.

Hatua ya 4. Ngoja siku 14, kisha pima urefu wa miche kwa rula. Kuota pekee hakutoshi: mbegu hunywa maji na kuchomoza hata seli zake zikiwa zimeumia. Jeraha huonekana seli zikianza kugawanyika, kipande cha kromosomu (uzi uliobeba DNA) iliyokatika kikakosa kufika kwenye kiini cha seli mpya. Dozi kubwa hufupisha miche. Grei 10 huenda ikaiharakisha kidogo, kwa sababu seli iliyoguswa huamsha kinga na kazi ya kutengeneza DNA yake. Lakini msitangaze ushindi kwa trei moja. Rudieni mara tatu, mlinganishe na lile fungu lisiloguswa.

Maswali

Wa Konde: Maalim, mchele wake hautabaki na mionzi?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Gama hupita kama mwanga. Mbegu haigeuki kuwa chanzo cha mionzi.

Wa Cheju: Shikamoo Maalim. Nikiipeleka mbegu kwenye eksirei ya hospitali?
Jibu: Marahaba mwanangu. Haitafaa. Picha ya kifua ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya grei, na sisi tunaanzia 10.

Wa Wete: Miche ya grei 100 ina mistari myeupe majanini. Niing'oe?
Jibu: Usiing'oe hata mmoja! Seli moja ya ncha ikibadilika, jani hutoka na madoa. Mabadiliko mengi hujificha mpaka kizazi cha pili, kwa hiyo vuna kila mche peke yake, uweke alama, upande tena.