Kabla ya kumlipa dalali, uliza bei ya ndoo ya maji

Kwa anayetafuta nyumba ya kupanga Mtwara mjini, iwe Shangani, Chuno au Magomeni: usimuulize mwenye nyumba kama maji yapo, atakuambia yapo. Nenda bila dalali kwenye duka lililo jirani na nyumba hiyo, nunua kitu, kisha uliza: "Ndoo ya maji huku mnanunua shilingi ngapi?" Wakikutajia bei papo hapo, tena na ya kiangazi mbali, ujue bomba la mtaa huo halitegemeki. Wakishangaa swali, ni dalili njema. Muuza duka anashinda pale kutwa na hapati chochote ukipanga au usipopanga. Dalali anangoja malipo yake, kodi ya mwezi mmoja, ukipanga. Hapo hapo uliza maji ya mvua yanatuama wapi, maana mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na nyumba uliyoiona Agosti haikuonyeshi kitu. Mbinu hii haifai kama fremu ya duka ni ya mwenye nyumba huyo huyo, au wiki ambayo maji yamekatika mji mzima, kwani hapo kila mtu ananunua.