Rangi za nuksi na mavazi ya spidiwei: jinsi ya kujiandaa kabla ya mchuano

Kwenye spidiwei, mbio za pikipiki kwenye uwanja wa udongo, hujichagulii rangi ya kichwani. Waendeshaji ni 4, mizunguko 4 ya kukata kona kushoto tu, pikipiki za cc 500 zisizo na breki, na juu ya kila helmeti kuna kifuniko cha kitambaa: chekundu, cha buluu, cheupe au cha njano. Kwenye ligi ya Uingereza wenyeji huvaa nyekundu na buluu, wageni huvaa nyeupe na njano. Kwenye mashindano ya mtu mmoja mmoja, yale ya waendeshaji 16 na michuano 20, rangi hufuata geti, yaani nafasi ya kuanzia: la 1 nyekundu, la 2 buluu, la 3 nyeupe, la 4 njano. Kila mmoja hukimbia mara 5 na kupita kwenye mageti yote. Anayeamini njano ni ndege mbaya ataivaa tu, apende asipende.

Rangi hiyo ndiyo jina lako uwanjani. Refa akimwondoa mtu kwenye mchuano huwasha taa ya rangi ya kifuniko chake, na ndani ya matope na mwanga wa usiku hakuna anayesoma namba mgongoni. Kwa hiyo kifuniko kivutwe mpaka mpira wake upite chini ya ukingo wa helmeti kwa nyuma, kibane pande zote, na kisiguse kioo wala matundu ya hewa. Kikilegea, upepo hukijaza na kukitelezesha mpaka machoni. Kivae kabla ya kushuka uwanjani: zile dakika 2 za kufika getini huisha haraka, na wanaopapasa vifuniko wakati huo ndio wanaosahau mambo mengine.

Imani kwamba nyekundu ina bahati ina chanzo chake. Geti la 1 liko karibu na ukingo wa ndani, ndiyo njia fupi, na anayechomoka wa kwanza pale halambi udongo wa mtu. Lakini magurudumu yakishausukuma udongo nje, mshiko nao huhamia nje, na ghafla bahati yote inaonekana iko kwa njano. Kwenye programu yako, karatasi ya ratiba ya michuano, usiandike rangi iliyoshinda. Andika geti, namba ya mchuano, na kama uwanja ulikuwa umetoka kumwagiwa maji au kusawazishwa. Ukifika mchuano wa 8 utakuwa na kitu cha kukusaidia kuamua pa kuelekeza gurudumu la mbele.

Nuksi yenye mizizi mirefu zaidi ni ya kijani. Katika michezo ya magari na pikipiki, hasa Uingereza na Marekani, wapo wasioruhusu hata uzi wa kijani kwenye vazi lao. Ajabu ni kwamba Waingereza hao hao wamekimbiza magari ya kijani tangu mbio za Gordon Bennett za mwaka 1903 kule Ireland, na wameshinda nayo sana. Hata hivyo, anayeiogopa asibishwe dakika tano kabla ya mchuano. Woga wake utamkaza mabega, na mabega yaliyokazwa hayageuzi pikipiki. Kazi ni kuiondoa rangi bila kuharibu kinga, na hapo ndipo watu hukosea.

Kosa la kwanza ni kupaka helmeti rangi ya kopo. Viyeyushi vya rangi nyingi hudhoofisha ganda, hasa la plastiki, na udhaifu huo hauonekani kwa macho. Kama mchoro wa kijani unakukera, kifuniko tayari kimeuficha. Nje ya mchuano tumia stika ambazo mtengenezaji wa helmeti ameziruhusu. Kosa la pili ni kuloweka suti kwenye dawa ya klorini ili kijani kipauke. Kevla, nyuzi imara zinazotia suti kinga, huliwa na klorini, na jua nalo huila polepole. Suti itatoka nyeupe na laini, kisha itapasuka gotini siku utakayoteleza mita kumi. Badala yake shona kiraka juu ya rangi hiyo, kwenye kitambaa cha nje pekee, mbali na mishono mikuu na mbali na sehemu zinazovutika za goti, kiwiko na mgongo wa chini. Ukipitisha sindano mpaka kwenye bitana, umetoboa kinga. Ukishona juu ya sehemu ya kuvutika, utashindwa kutoa mguu vizuri kwenye kona.

Wengi wana desturi ya kuvaa kwa mpangilio uleule: buti la kushoto kwanza, au glovu ya kulia mwisho. Desturi hii tunaiunga mkono kwa moyo wote, mradi kila hatua ibebe ukaguzi wake. Kinga ya mgongo na kifua: mikanda ibane, lakini uweze kuvuta pumzi ukiwa umeinama kama uliyeshika usukani. Suti: zipu mpaka juu na velkro ya shingo ifunikwe. Mabuti. Helmeti: funga mkanda, kisha jaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka kisogoni kwenda mbele, ikitoka, ni kubwa kwako. Kiatu cha chuma huja karibu na mwisho, kwa sababu kutembea nacho kwenye saruji kunateleza na kunakila bure.

Kiatu hiki cha mguu wa kushoto kinastahili muda wako kuliko kitu kingine chochote unachovaa. Ni soli ya chuma iliyokunjwa kufuata buti, na chini yake huchomelewa chuma kigumu zaidi ili kisiishe upesi. Kigeuze ukipitishie kidole gumba. Ncha ya mbele lazima iwe imepinda juu na kuwa laini. Ikiwa na kingo, itachimba udongo kwenye kona, mguu utabaki nyuma huku pikipiki ikiendelea, na goti ndilo litakalolipa. Ukiona bonde au tundu upande wa ndani, mpelekee fundi akichomelee upya, buti likiwa nje. Safisha mchanga ulioingia kati ya chuma na buti, ukaze mkanda wa kisigino, halafu keti kwenye pikipiki utikise mguu kwa nguvu. Kikicheza hata kidogo, kitachomoka kwenye kona ya kwanza, na soli ya mpira itashika ardhi pale ulipotegemea iteleze.

Kamba ya kuzimia injini hufungwa kifundo cha mkono wa kulia. Geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili: isikaze. Kisha, injini ikiwa inanguruma juu ya stendi, ivute; injini ife papo hapo. Kamba ndefu mno itakuacha chini na gurudumu la nyuma likiendelea kuzunguka karibu yako.

Plastiki za kung'oa kwenye miwani, zile tabaka nyembamba unazong'oa moja moja zikichafuka: ndimi zake zielekee kushoto, kwa kuwa mkono wa kulia uko kwenye mpini wa mafuta, na ule wa kushoto hauhitajiki kwenye klachi baada ya kuondoka getini. Tatu mpaka tano zinatosha kwa mizunguko 4. Zikizidi, mwanga wa taa za uwanja hujirudia ndani yake na utaona vivuli viwili. Usiku vaa lenzi angavu, hata kama ile nyeusi ndiyo uliyoshindia wiki iliyopita.

Glovu za mbio zisiguse kazi ya kujaza mafuta. Methanoli, ndiyo mafuta ya pikipiki hizi, hupenya ngozini, ni sumu, na mchana moto wake karibu hauonekani. Glovu iliyolowa inaweza kuwaka bila wewe kujua mpaka usikie joto. Weka pembeni glovu nyingine za mpira kwa kazi hiyo.

Baada ya mashindano kung'uta udongo ungali mkavu, ondoa kinga zinazotoka, fua suti kwa maji ya nyuzi 30 na sabuni laini, na uianike kivulini ikiwa imegeuzwa ndani nje. Vifuniko vyote 4 vifue pamoja nayo: cheupe kilichojaa matope na cha njano kilichochakaa, kwa refa aliye mbali, vinakaribia kuwa rangi moja.