Mzee wako amefika 70? Hivi ndio umuandikishe Inua Jamii

Kama nyumbani kwenu kuna mzee amefikisha miaka 70 na hana penseni ya serikali, kuna shilingi 2,000 za kila mwezi ambazo anafaa kuwa anapata, ni za mpango wa serikali ya Kenya unaoitwa Inua Jamii, na kama hapati basi mara nyingi shida sio kwamba alikataliwa, ni kwamba hakuna mtu wa nyumbani aliyekaa chini akamfuatilia. Mimi nilimfuatilia bibi yangu huku Kwale na nimeona pale watu wanapokwama, sana sana ni vitu vidogo vidogo. Na kabla hujaanza kuona haya kwenda kuomba, jua hii sio sadaka ya mtu, Katiba ya 2010 kifungu cha 43 imesema wazi serikali itawapa msaada wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea.

Inua Jamii sio ya wazee peke yao. Kuna ya watu wenye ulemavu mkali, yaani wale hawawezi kuachwa bila mtu wa kuwaangalia, na kuna ya nyumba zinazolea mayatima. Kaunti kavu za kaskazini kama Turkana na Marsabit zina mpango wao mwingine wa pesa za kukinga njaa, huko ulizia huo pia.

Cha kwanza kabisa toa kitambulisho cha mzee usome mwaka wa kuzaliwa. Usiseme "si najua ana miaka themanini", hesabu inayofuatwa ni ile imeandikwa kwa kitambulisho. Dadake bibi yangu anasema mafuriko ya 1961 yalipokuja alikuwa na mtoto mgongoni, lakini kitambulisho chake kimeandikwa 1958, hebu piga hesabu uone kama inawezekana. Ile siku ya kuandikwa vitambulisho alikadiriwa tu kwa macho na mpaka leo hajaingia, mdogo wake anachukua yeye anaangalia. Kwa hivo ukiona mwaka hauingiani na ukweli anza na ofisi ya usajili wa watu mapema, beba karatasi yoyote ya zamani inayoweza kumsaidia, cheti cha ubatizo, vyeti vya watoto wake wakubwa, chochote, na ujipange manake si kitu cha siku moja.

Ukishaona kitambulisho kiko sawa nenda kwa chifu au naibu wake, na ukiweza nenda na mzee mwenyewe aonekane. Kuandikisha wapya kunafunguliwa kwa awamu, kwa hivo unaweza kuambiwa saa hizi imefungwa, hapo watu wengi hurudi nyumbani wakasahau. Usisahau. Omba jina liandikwe kwa daftari, mwambie mzee wa kijiji pia akujulishe siku ya baraza, halafu fika kwa ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu uulize awamu inayofuata ni lini, kwa sababu majina yakitoka kwa chifu huko ndiko yanakoenda. Beba kitambulisho chenyewe na fotokopi mbili, namba ya simu ambayo laini imesajiliwa kwa jina lake, na kitambulisho cha msaidizi, huyo nitamweleza hapo chini. Mwenye ulemavu anahitaji kwanza kupimwa hospitali ya serikali inayofanya hiyo kazi ndio asajiliwe na baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu, na kwa mayatima tafuta vyeti vya kuzaliwa vya watoto na vya kifo vya wazazi. Kuandikishwa ni bure. Sisi kuna mtu alituomba 500 "ya fomu", nikamuuliza risiti iko wapi, akanyamaza.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Kuna siku wanakuja watu na tableti kuuliza maswali ya nyumba, paa ni la nini, choo kiko, mifugo mingapi, jana mlikula mara ngapi, na haswa kwa mayatima majibu haya yana uzito. Bibi aliposikia wageni wanakuja alifagia uwanja tangu alfajiri, akaazima viti viwili kwa jirani, akatoa vikombe vya kabatini. Kijana akamuuliza, "Bibi, jana mlikula nini?" akajibu, "Tumeshiba mwanangu, alhamdulillahi." Na jana yenyewe ilikuwa chai ya rangi na muhogo mmoja tukagawana watu wanne! Hakusema uongo kwake yeye, ndivyo alivyolelewa, mtu halii njaa mbele ya mgeni. Ilibidi niingilie kwa adabu nikasema, bibi, huyu ni wa kazi, mwambie kilichokuwa kwa sufuria. Kwa hivo kaa na mzee wako usiku uliotangulia umweleze kwamba siku hiyo aseme hali ilivyo, asipunguze na asiongeze.

Msaidizi ndio yule atamchukulia pesa mzee akiwa mgonjwa, na hapo usiangalie nani ana simu nzuri, angalia nani analala nyumba moja na yeye na nani akipewa 2,000 inafika 2,000. Mkikosea hapo kumbadilisha ni safari nyingine ya ofisini.

Halafu kuna vidole. Bibi amesuka makuti miaka arobaini, vidole vimelainika kama kokoto la baharini, mashine ya kuchukua alama ikawa haimsomi kabisa, tukarudi bila kitu. Kilichotusaidia ni kunawa kwa maji ya moto kidogo, kupaka mafuta halafu kufuta mpaka vikauke, na kuomba wajaribu kila kidole sio gumba peke yake. Kidole cha pete cha kushoto ndicho kilisoma.

Akishaingia, pesa zinaweza kuchelewa halafu zije za miezi kadhaa pamoja, kwa hivo usikope dukani ukitegemea tarehe. Namba ya siri asimpe ajenti amuandikie. Asikae miezi na miezi bila kutoa maana akaunti isiyoguswa inaweza kufanya aonekane hayupo, na wakiitisha watu kuthibitisha kama bado wako hai mpeleke, hata kwa bodaboda ya kukodi. Na ikitokea amefariki, ripoti kwa chifu, usiendelee kutoa na kadi yake.