Kupulizia tikiti linalochanua bila kumaliza nyuki

Mkulima wa tikiti maji ana kazi ambayo mkulima wa mahindi hanayo: bila nyuki havuni. Mche mmoja una maua dume na maua jike, na chavua yake ni nzito, inanata, upepo hauibebi. Ua jike hukaa wazi siku moja tu, kuanzia jua linapochomoza hadi mchana, na katika saa hizo linahitaji kutembelewa na nyuki mara nane au zaidi. Likitembelewa kidogo, kitunda hudondoka kikiwa saizi ya limau, au hukua kimepinda, upande mmoja mnene na mwingine umesinyaa. (Angalia kwanza kama kina tundu dogo lililotobolewa: hilo ni la nzi wa matunda, si la uchache wa nyuki.) Wengi wakiona matunda yaliyopinda huongeza mbolea. Wengine huongeza dawa, na hapo ndipo shamba linapoharibika kabisa.

Rangi ya lebo haimhusu nyuki

Mstari wa rangi ulio chini kwenye lebo ya chupa ya dawa, yaani nyekundu, njano, buluu au kijani, unaonyesha dawa hiyo ni kali kiasi gani kwa binadamu, na msingi wake ni majaribio ya panya. Nyuki hayumo katika hesabu hiyo. Spinosadi, dawa ya wadudu, iko daraja la III la Shirika la Afya Duniani, lile la buluu, lakini ikiwa bado mbichi juu ya ua inaua nyuki. Kwa hiyo soma maneno, si rangi. Tafuta kiambato amilifu, yaani kemikali yenyewe inayoua, na sentensi inayotaja nyuki au kukataza kupulizia mimea iliyochanua.

Majina ya viambato tumeyaandika hapa kwa matamshi ya Kiswahili. Kwenye chupa yana tahajia ya kigeni. Yatamke kwa sauti utayatambua.

Swali la pili ni muda ambao dawa hubaki na makali juu ya jani. Spinosadi ikikauka, baada ya saa kama tatu, hatari hupungua sana. Lambda-sihalothrini huendelea kuua kwa zaidi ya siku moja. Dimethoeti hufika siku tatu, klorpirifosi siku nne hadi sita. Karbarili ya unga inaweza kupita wiki, na unga ndio mbaya kuliko yote: nyuki huubeba pamoja na chavua, huuhifadhi kwenye masega, na majana (watoto wa nyuki) hulishwa sumu wiki kadhaa baada ya wewe kusahau kwamba ulinyunyiza. Usiku wa baridi na umande mwingi hurefusha muda huo.

Imidaklopridi, thiamethoksamu na klothianidini ni habari nyingine. Hizi hunywewa na mmea. Ukimwagia shinani wakati wa kupanda, zinaweza kutokea baadaye kwenye chavua na mbochi (maji matamu ya ua), hivyo hakuna saa ya jioni itakayokuokoa. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kwenye mashamba ya wazi mwaka 2018. Kwenye tikiti, ziache.

Kabla ya maua

Maua ya kwanza hutoka takribani siku 30 hadi 45 baada ya kupanda, na dume hutangulia. Vidukari na mbawakavu wa majani wamalize kabla ya hapo. Kagua miche 20 kwa kupita shambani kwa mwendo wa zigizaga, ukigeuza majani upande wa chini. Wadudu wakiwa kwenye miche miwili mitatu ya pembeni, pulizia hiyo tu. Kupiga dawa kila Jumamosi kwa sababu ni Jumamosi ni hasara ya fedha kabla hata ya kuwa hasara ya nyuki.

Siku moja kabla ya kupulizia, fyeka magugu yaliyochanua kati ya mistari na pembezoni, hasa kishona nguo. Nyuki hawajui mpaka wa zao na gugu. Nyuki wa asali husafiri kilomita tatu hivi kutafuta chakula, kwa hiyo mizinga usiyoiona bado inahusika. Waarifu wafugaji wa jirani saa 48 mapema, na uwatajie kiambato, maana "napiga dawa kesho" haitoshi mtu kuamua la kufanya.

Siku yenyewe

Anza saa 12 jioni au baadaye, maua yakiwa yamefunga na nyuki wamerudi. Hapa tikiti lina heri kuliko alizeti. Ua litakalofunguka kesho bado limefumba usiku huu, ndani yake dawa haiingii. Kichwa cha alizeti hukaa wazi zaidi ya wiki, na dawa ya jioni hukutwa palepale asubuhi. Alizeti ikishachanua, usipulizie kabisa.

Kupiga alfajiri, kama wengi wanavyopenda kwa sababu ya ubaridi, ni kosa: dawa huwa bado mbichi nyuki wanapofika.

Majani yakitikisika sana, ahirisha. Shusha nozeli karibu na majani na punguza presha ya bomba ili matone yawe makubwa. Matone madogo sana ndiyo yanayohama hadi kwa jirani. Pima kwa kifuniko chenye alama kulingana na lebo ya dawa na ujazo wa bomba lako, la lita 16 au 20. Usichanganye dawa ya ukungu na ya wadudu kwenye bomba moja: baadhi ya dawa za ukungu, kama propikonazoli, hudhoofisha uwezo wa nyuki kujisafisha sumu, na dawa ya wadudu kama sipamethrini iliyokuwa imepimwa vizuri ikawa kali maradufu kwake.

Maji ya kuoshea bomba usiyamwage kwenye dimbwi wala mfereji. Nyuki huchota maji hapo. Waweke beseni la maji safi lenye mawe au vijiti vya kutulia, mbali na eneo la kuchanganyia.

Kwa nzi wa matunda, okota matunda yaliyotobolewa kila baada ya siku chache na uyazike futi mbili chini. Tumia mitego ya chambo cha protini. Chambo cha molasi au sukari guru chenye sumu usikitumie: nyuki watakuja kabla ya nzi.

Kwa mwenye mizinga

Mzinga ukihamishika, uhamishe usiku, kilomita tano au zaidi, la sivyo nyuki watarudi pale pa zamani. Usipohamishika, ufunike usiku kwa gunia la katani lililoloweshwa, ulegeze ili hewa ipite, uliloweshe tena asubuhi na kulitoa mchana. Hili linafaa kwa dawa zinazoisha makali kwa saa chache, si kwa klorpirifosi. Usizibe mlango kwa matope: kundi litakufa kwa joto.

Ukikuta rundo la nyuki waliokufa mlangoni, ndimi zimetoka, wengine wakitetemeka au kuzunguka chini, kusanya 200 au zaidi ndani ya mfuko wa karatasi, ugandishe, na uandike tarehe na kilichopuliziwa jirani. Afisa ugani hawezi kufanya kitu na nyuki waliooza kwenye nailoni. Kukosekana kwa rundo hakuthibitishi usalama: dawa za jamii ya sipamethrini mara nyingi huwaua nyuki hukohuko shambani, na unachoona ni mzinga uliopungua ghafla, majana hayana wa kuyalisha. Toa masega yenye chavua ya siku hizo, punguza mlango, na ulishe sukari na maji kiasi sawa hadi wachotaji wapya watoke.