Namna ya Kuchunguza Vumbi la Hewani Kandokando ya Viwanda vya Changamwe

Kabla ya kuwasha pampu ya kufyonza hewa, tazama upepo. Mombasa huvuma kusi kutoka kusini-mashariki kuanzia takriban Aprili hadi Oktoba, kisha hufuata kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, hivyo kituo kinachopokea moshi wa kiwanda mwezi Julai huenda mwezi Januari kisiupokee kabisa. Weka vituo viwili, kimoja goshini, upande upepo utokako, na kingine demani, upande uendako, kama wasemavyo mabaharia, kwa kuwa tofauti baina ya viwili hivyo ndiyo inayokaribia mchango wa kiwanda.

Mtambo unaochagua chembe zisizozidi mikromita 2.5 na kufyonza lita 16.7 kwa dakika hupitisha mita za ujazo 24 kwa saa 24. Kichujio kinachonasa chembe hizo kikiongezeka uzito kwa mikrogramu 720, umepata mikrogramu 30 kwa kila mita ya ujazo, mara mbili ya kiwango cha siku moja kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Lakini chumvi hunyonya unyevu, nasi wa Pwani unyevu hatujaukosa. Kwa hiyo kichujio kikae saa 24 katika chumba chenye nyuzijoto 20 hadi 23 na unyevu wa asilimia 30 hadi 40 kila kabla ya kupimwa. Kishikwe kwa kibano, maana kidole chenye jasho huacha sodiamu na kloridi ambazo baadaye utazidhania kuwa za bahari. Kichujio kimoja kisichopitishiwa hewa kiende kituoni na kurudi pamoja na vingine, kionyeshe uchafu wa safari.

Maabara ikishatoa orodha ya elementi na ioni (chembe zenye chaji ya umeme, kama salfeti), ondoa kwanza sehemu ya bahari. Salfeti itokayo baharini ni takriban robo ya uzito wa sodiamu: penye mikrogramu 2 za sodiamu na 3 za salfeti, bahari imeleta 0.5 tu, na 2.5 zilizosalia zimetokana zaidi na salfa iliyochomwa katika mafuta. Metali za vanadiamu na nikeli zikipanda pamoja, shuku mafuta mazito ya meli au ya mitambo ya umeme, ingawa tangu 2020, meli zilipotakiwa kutumia mafuta yasiyozidi asilimia 0.5 ya salfa, vanadiamu imekuwa shahidi dhaifu.

Kalsiamu ndiyo huwapotosha wengi. Husemwa upesi kuwa ni saruji, ilhali mji wenyewe umejengwa juu ya mawe ya matumbawe, na barabara ya vumbi hutoa kalsiamu ileile; kwa hiyo changanua pia udongo wa mahali hapo, ulinganishe uwiano wake wa kalsiamu kwa alumini na ule wa kichujio.

Madini ya risasi yakionekana, hasa palipoyeyushwa betri chakavu, kichujio hakitoshi: pima pia udongo wa uani na vumbi la sakafuni, kwa sababu risasi hubaki humo miaka mingi baada ya tanuri kuzimwa.