Kugeuza tamthilia ya zamani kuwa filamu: pantoni ilipopotea na daraja likaja

Kijana mmoja wa Igogo, Mwanza, alinijia na flashi na daftari. Mjomba wake marehemu aliandika tamthilia ya televisheni mwishoni mwa miaka ya tisini, sehemu 26, naye anataka filamu ya dakika 100. Tulikaa jioni nne.

Hatua ya 1: karatasi. Kuwa mpwa si kuwa na haki. Kwa sheria ya hakimiliki ya 1999, haki ya mwandishi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Pata idhini ya maandishi kwa warithi wote, siyo kaka mkubwa peke yake. Ulizia pia mkataba na kituo kilichoirusha. Kibali cha kupiga picha ni Bodi ya Filamu.

Hatua ya 2: itazame yote.

Hatua ya 3: bakiza swali moja. Tamthilia ya Marekani The Fugitive ilikuwa na sehemu 120 kati ya 1963 na 1967. Filamu ya 1993 ilibaki na daktari mkimbizi na mtu wa mkono mmoja. Letu: binti atafika kabla baba hajauza shamba?

Hatua ya 4: saka vikwazo vilivyokufa. Hapa ndipo nilipowahi kupoteza miezi.

Kwenye sehemu ya 9 binti anafika kivuko cha Kigongo, Ziwa Victoria, pantoni imeshaondoka. Anasimama na kikapu chake, anaitazama mpaka inakuwa nukta. Waliokuwa watoto Mwanza wakati ule wanaikumbuka hiyo. Sasa tangu Juni 2025 kuna daraja la Kigongo–Busisi, kilometa tatu. Binti anapanda bodaboda, anavuka, filamu imeisha dakika ya 40. Na hata kabla ya daraja, si angepiga simu?

Usijibu kwa kusema mtandao umekata. Mimi nilifanya hivyo kwenye kazi yangu ya kwanza. Tulipoionyesha kibanda umiza cha Kirumba, ukumbi mdogo wa video, mama mmoja akapaza sauti, "Si apande jiwe apate mtandao!" Ukumbi mzima ukacheka, na onyesho lenyewe lilikuwa kilio cha msibani.

Simu kuisha chaji nayo hapana. Kijana akasema tuihamishie Ukerewe, kule kivuko bado kinasubiriwa. Inawezekana, ila watu watakuja kuitafuta Kigongo yao. Kuiacha mwaka 1998 nako kunawezekana, kama una hela ya magari, nguo na noti za wakati ule. Hana.

Kinachobaki ni kikwazo ambacho daraja halikiondoi: aibu, deni, kiapo. Tukampa binti mkopo wa simu aliouchukua kwa laini ya baba. Sasa bodaboda inasimama katikati ya daraja, simu inaita, jina ni la baba, hapokei. Anatazama maji, kikapu mkononi. Picha ni ileile, sababu ndiyo mpya.

Pitia sehemu zote 26 hivyo, kila kikwazo na kadi yake. Tumia manila na penseli. Programu za skripti sizipendi: zinakupangia ukurasa vizuri hata hadithi ikiwa imeoza. Ila usiguse kikwazo kilicho hai. Mahari bado ni mahari.

Hatua ya 5: waigizaji wa zamani. Mpe mmoja kazi ya kweli, awe hata muuza dagaa anayegoma kushusha bei. Kumkalisha tu ili watu wapige makofi ni kumdhalilisha.

Hatua ya 6: mazungumzo ya ufukweni rekodi asubuhi na mapema. Mchana upepo wa ziwa unaingia kwenye maiki, na hakuna mhariri atakayeutoa.